Siri ya Mtungi Muulize Kata

Ijumaa moja, baada ya sala, tulikaa watu watano wa pwani katika mkahawa mmoja hapa Ngara, si mbali na msikiti wa Park Road, twanywa chai ya maziwa na mahamri ambayo, Mungu atusamehe, hayakufanana na mahamri ya kwetu ila kwa jina. Mazungumzo yalianza kwa siasa, kama ada, yakapitia kodi za nyumba, kisha yakaangukia vitabu. Nami nilikuwa nimekiweka mezani kitabu cha Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mzee mmoja katika sisi, mtu wa heshima na mwenye elimu ya dini inayonishinda mimi, alikichukua, akakigeuzageuza, akakirudisha mahali pake kama mtu arudishaye dukani sahani yenye ufa.

"Huyu bwana," akasema, "amepewa tunzo kubwa ya dunia kwa kuwaambia Wazungu mambo ya ndani ya nyumba zetu. Mwislamu husitiriwa. Yeye ametufunua."

Wenzangu wakatikisa vichwa kuafiki. Nilitaka kujibu, lakini mzee ni mzee, na chai ilikuwa imekwisha. Nikaaga, nikaenda zangu. Leo namjibu hapa gazetini, kwa heshima ile ile, kwa kuwa naamini neno lile si lake peke yake. Limo vifuani mwa wengi wetu, tangu Lamu hata Vanga, na ndilo linalofanya nyumba nyingi za pwani ziwe na msahafu na vitabu vya dua, zisiwe na riwaya hata moja isipokuwa ile aliyolazimishwa mtoto kuisoma kwa ajili ya mtihani.

NI NANI HUYU?

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni kwake, nieleze kwa ufupi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta kijana wa shule, na miaka michache baadaye akaondoka kwenda Uingereza, ambako alisoma, kisha akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwezi wa Oktoba 2021 alitunukiwa Tunzo ya Nobel ya fasihi. Wakati huo alikuwa amekwisha kutoa riwaya kumi. Ya kumi na moja, Theft, yaani Wizi, ilitoka mwaka 2025. Zote kaziandika kwa Kiingereza.

Waliompa tunzo walitaja ukoloni na masaibu ya wakimbizi, wala hawakukosea. Lakini mtu wa pwani akizifungua riwaya hizi, kitu cha kwanza kumlaki ni harufu ya nyumba ya kwao. Duka lipo mbele, ua uko nyuma. Kuna ami mwenye mali na ndugu mwenye deni. Kuna mama ambaye hatoki, na habari zote za mji humfikia alipo. Kuna kijana apendaye mahali asipotakiwa apende. Vita hupita, Mjerumani huja akaenda, Mwingereza huja akaenda, na katika hayo yote mtu huulizwa maswali yale yale: umekula? Umelala wapi? Nani atakuoza?

Chukua riwaya ya Desertion, iliyotoka mwaka 2005. Inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani yetu hii ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Hassanali, muuza duka, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti, akutane na nani? Mzungu aliyepotea njia, hoi, miguu haimchukui. Hassanali hana mali wala cheo, na ni mtu mwoga kwa tabia yake, lakini anamtia mgeni nyumbani mwake. Ukarimu huo unaleta mapenzi baina ya mgeni na Rehana, dada wa mwenye nyumba, na mapenzi hayo yanaacha kilio kinachofika hata kwa wajukuu. Miaka hamsini na kitu baadaye, kule Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wake wanamkataza kwa sababu ya sifa mbaya ya bibi. Amin anatii. Mwandishi hawatukani wazazi wale. Anatuonyesha kwamba wanampenda mtoto wao, na kwamba kwa mapenzi yayo hayo wamemvunja. Ni nyumba ngapi za pwani ambazo zina Amin wake? Mimi nazijua tatu.

Au chukua Afterlives, ya mwaka 2020. Bi Asha ni mwanamke mkali, mwenye dua nyingi na maneno ya kuchoma. Mwandishi mwingine angetuacha tumchukie, tukaridhika. Huyu anatueleza kwamba nyumba ya baba yake ilimezwa na madeni, ikaangukia mikononi mwa ami yake, na kwamba Mungu hakumjaalia mtoto. Hapo ukali ule unapata chanzo, na msomaji hushindwa kuchukia. Ndani ya nyumba hiyo hiyo wanakutana Hamza, aliyerudi vitani na jeraha, na Afiya, aliyelelewa na watu wasiokuwa wazazi wake, wakapendana kwa haya na adabu, kwa kuchungulia na kwa vikaratasi. Sijasoma siku nyingi mapenzi ya watu wetu yaliyoandikwa kwa upole namna ile.

REHANI

Sasa nirudi kwenye kitabu kilichokuwa pale mezani. Paradise ilitoka mwaka 1994. Kijana Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kwao na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita ami. Anadhani anakwenda kutembea. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Anayemweleza ni Khalil, kijana wa dukani, naye pia ni rehani aliyemtangulia: huyu si ami yako. Kisha ndani ya nyumba ile mke wa tajiri anamtamani Yusuf, na kanzu inachanwa kwa nyuma.

Msomaji aliyekaa chuoni mbele ya maalim hahitaji kuelezwa zaidi. Jina la kijana, jina la tajiri, kanzu, na ule upande iliochanikia. Ni Surat Yusuf, sura ya aya 111, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe mwanzoni mwake ameisifu kuwa ni katika simulizi zilizo bora kabisa. Ndugu wa mzee wetu wa mkahawani, hebu tuizingatie sura hiyo inasimulia nini. Inasimulia nyumba. Baba anampenda mtoto mmoja kuliko wengine. Ndugu wanaona wivu, wanamtupa kisimani, wanarudi jioni wakilia uongo na kanzu yenye damu. Mtoto anauzwa. Mwanamke wa heshima anateleza, na wanawake wa mji wanamsengenya. Baba analia mpaka macho yanapofuka. Haya yalikuwa mambo ya ndani ya nyumba ya Mtume wa Mungu, Nabii Yakubu, na sisi tunayasoma kwa sauti nzuri miskitini kwa muda wa karne kumi na nne. Lau kusimulia aibu ya nyumba ni haramu kwa hali yoyote, tungeipataje ibra ile?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, ule ni wahyi na kweli tupu, riwaya ni maneno ya kubuni. Sawa, wala sizilinganishi, haasha. Nasema tu kwamba Mola wetu ametufundisha njia mojawapo ya kuurekebisha moyo, nayo ni kisa cha nyumba. Na kubuni kwake mwandishi ndiko kunakomwepusha na dhambi. Ghiba ina mwenyewe: mtu fulani, mtoto wa fulani, wa mtaa fulani. Riwaya haina mwenyewe. Kila aisomaye hujiona ni yeye, na huyo aliyejiona hakutajwa na mtu.

SITARA

Nije sasa kwenye neno lenyewe. Sitara ni jambo tukufu. Tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri mwenziwe naye atasitiriwa, na mimi naomba niwe miongoni mwao, maana yangu ya kusitiriwa ni mengi. Lakini sitara ni nguo ya aliyeteleza. Haikushonwa iwe pazia la mwenye kudhulumu. Katika Surat An-Nisaa tunafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe, kisha akatolewa mmoja katika hukumu hiyo: yule aliyedhulumiwa. Huyo ana ruhusa ya kusema.

Ukizitazama riwaya za Gurnah moja moja, utamwona mdhulumiwa huyo karibu katika kila nyumba, na aghalabu ni mtoto asiyekuwa wa nyumba. Yusuf na Khalil ni rehani. Afiya anapigwa na mtu anayemwita ami, mpaka mkono unavunjika, kwa kosa la kujua kuandika, na maandishi yayo hayo ndiyo yanayomwokoa, kwa kuwa anapeleka kikaratasi kwa Khalifa, naye anakwenda kumchukua. Katika Theft yupo Badar, kijana aliyeletwa Dar es Salaam kutumika katika nyumba ambayo ukoo wake una uhusiano nayo, na hakuna amwelezaye uhusiano wenyewe. Kosa la baba yake limemtangulia mlangoni. Akasingiziwa wizi. Na ajabu ya kitabu hicho ni kwamba kijana huyu, ambaye angekuwa na haki ya kuwa na uchungu kuliko wote, ndiye anayekua akawa mtu mwema kuliko waliosoma na waliobahatika.

Wahenga walinena, siri ya mtungi muulize kata. Ndani ya mtungi hawajui waliokaa barazani. Anajua kata, aingiaye na kutoka kila siku kwa ajili ya kiu ya wengine. Gurnah ameiuliza kata. Hilo ndilo lililomuudhi mzee wetu, hata kama mwenyewe hakulisema.

Nami nina sababu ya kulielewa, kwa hivyo sharuti niseme langu. Nilipokuwa mdogo Mombasa, nyumbani kwetu Mji wa Kale kulikuwa na mtoto rika langu, mtoto wa jamaa ya baba kutoka shamba. Jina lake nalijua vizuri, silitaji. Sitara hiyo ni haki yake. Tulikuwa tukienda chuoni pamoja. Alikuwa amenipita juzuu mbili, na maalim alikuwa akimsomesha mbele ya watu kwa uzuri wa sauti yake. Kisha bibi yangu akapooza, ikahitajika mtu wa kuteka maji mferejini, kwenda sokoni, na kumgeuza mgonjwa. Mmoja wetu wawili alitolewa chuoni. Hapakuwa na kikao wala mjadala. Asubuhi moja nilikwenda peke yangu.

Hatukumpiga. Hatukumnyima chakula, ila alikula jikoni, baadaye. Mama yangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na mtu akiuliza, alikuwa akijibu, "Huyu ni kama mwanangu." Mimi nikahitimu, nikasoma shule, nikajifunza vina na mizani, nikasifiwa kwa mashairi yangu juu ya haki na utu. Miaka mingi baadaye nilikutana naye soko la Kongowea, amebeba gunia. Aliliweka chini, akanipa mkono, akaniita bwana. Rika langu, aliyenipita juzuu mbili, akaniita bwana, na mimi nikaitikia.

Sijapata kuandika ubeti mmoja juu ya jambo hilo. Nimeandika juu ya Palestina, nimeandika juu ya vita na njaa, na juu ya wabunge wala rushwa. La nyumbani kwetu nililisitiri. Lilikuwa ni la nani kusitiriwa? Langu. Aliyedhulumiwa hakufaidika na sitara ile hata chembe.

NA LUGHA JE?

Lawama ya pili ya mzee ilikuwa kwamba haya wanaambiwa Wazungu. Hapa nampa nusu ya haki yake. Inauma kwamba kijana wa Unguja aliyelelewa kwa Kiswahili ameziandika nyumba zetu kwa lugha ambayo bibi zetu waliomo humo wasingeisoma. Lakini nani wa kulaumiwa? Paradise ilitoka 1994. Kiswahili kiliipata Peponi mwaka 2022, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis na kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28 ilipita, na ilibidi tunzo ya ugenini itangulie ndipo tukumbuke kwamba tunaye mwana.

Tena si kweli kwamba wa kuandika kwa Kiswahili hawakuwapo. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alituandikia Utengano mwaka 1980, riwaya ya nyumba iliyosambaratika kwa ubabe wa baba. Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981. Shafi Adam Shafi alitupa Vuta N'kuvute mwaka 1999, kisa cha msichana Yasmin aliyeozwa mzee asiyemtaka. Hawa hawakuwaambia Wazungu, walituambia sisi. Tulifanya nini na vitabu vyao? Tulivigeuza maswali ya mtihani, eleza sifa tano za mhusika fulani, na mtihani ulipokwisha tukaviuza. Nimekwisha kununua vitabu vya aina hiyo hapa mjini, vimetandazwa chini juu ya gunia, majibu yameandikwa pembezoni kwa penseli, na ukurasa wa mwisho haujafunguliwa.

Kwa hivyo asiyetaka nyumba zetu zisimuliwe London kwa Kiingereza, dawa yake ni moja: azinunue na kuzisoma zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili, awasomee watoto, na amwache binti yake mwenye kalamu aandike bila kuambiwa ni mmbea.

MTUNGI

Nimalizie hapa nilipo. Ngara ya leo si ile ya Wahindi waliozijenga nyumba hizi za mawe; maghorofa yamepanda pande zote, na juu kote watu wamejaa. Maji yana siku zake. Yasipokuja hupandishwa kwa mitungi ya plastiki, ngazi kwa ngazi, na mimi alfajiri nikienda msikitini hupishana ngazini na msichana ambaye hajatimia miaka kumi na minne, mtungi mkono huu, mtungi mkono huu. Lafudhi yake ni ya pwani. Hunisalimu kwa adabu njema, "Shikamoo ami." Kwa miezi mingi nilikuwa nikiitikia na kupita.

Baada ya kuimaliza Peponi nilishindwa kupita. Jioni nilibisha mlango wa nyumba anamokaa. Nilipokewa vizuri sana, kwa kahawa na halwa, na mwenye nyumba ni mcha Mungu, sina shaka. Nikauliza juu ya yule mtoto. Bibi mwenye nyumba akasema, "Ah, huyu ni kama mwanangu."

Nilikiangalia kikombe changu. Neno lile "kama" nililisikia likisemwa na mama yangu, kwa sauti ile ile ya upole. Halina ubaya, lakini ndani yake ndimo anamolala mtoto mzima na juzuu zake asizomaliza. Nikauliza anasoma darasa la ngapi. Kimya. Kisha nikaambiwa, Januari inshallah. Nikasema inshallah, na nikasema pia kwamba Januari nitakuja kuuliza tena. Haikuwa adabu, najua. Nilipotoka, mtoto alikuwa jikoni, ameacha kuosha vyombo, anasikiliza.

Mzee wangu, sikuandika haya kukuvunjia heshima. Kitabu changu bado kipo, na kimechakaa kidogo kwa kusomwa. Ijumaa ijayo nitakuja nacho mkahawani, na chai ni juu yangu. Ukichukue nyumbani, ukisome mpaka mwisho, na ukiona humo kuna uongo juu ya nyumba zetu, uniambie mbele ya wenzetu nami nitakiri. Lakini kwanza, ukifika kwako, mtazame anayekutilia maji ya kunawa. Mwulize jina lake kamili, na alifika juzuu ya ngapi.